Je, Wajua Pamba Hushika Rangi Vipi?

Dondosha tone la maji kwenye pamba mbichi iliyochumwa Kishapu, mkoani Shinyanga, nalo litakaa juu ya nyuzi bila kuzama. Pamba tunayoisifia kwa kunyonya jasho inakataa maji inapotoka shambani, kwa sababu kila unyuzi umevikwa utando mwembamba wa nta ya asili. Kuuondoa utando huo ndiyo kazi ya kwanza ya karakana yoyote ya kutia rangi. Fundi hukichemsha kitambaa kwa magadi soda na sabuni, saa nzima au zaidi, mpaka maji yawe ya kahawia, kisha hukisuuza. Kitambaa cha dukani kina mzigo mwingine juu ya huo: wanga ambao kiwanda hupaka nyuzi ili zisikatike wakati wa kufuma. Anayeiruka hatua hii hupata mabaka, halafu huilaumu rangi bure.

Kinachobaki baada ya kuchemsha ni selulosi karibu tupu. Hiyo ni minyororo mirefu ya sukari zilizoungana, na kila pete ya mnyororo ina vishikizo vya oksijeni na haidrojeni. Vishikizo hivyo ndivyo vinavyovuta maji, na ndivyo vinavyoipa rangi mahali pa kujishikiza. Poliesta haina vishikizo vya aina hiyo, ndiyo maana shati la poliesta likitumbukizwa kwenye ndoo ya rangi ya pamba hutoka karibu jinsi lilivyoingia. Mafundi wengi wanaoanza hupoteza fedha hapo, kwa kununua kitambaa kinachong'aa bila kuuliza kimefumwa kwa nyuzi gani.

Shinyanga haina haja ya kuuliza. Ukanda wa pamba wa magharibi, unaojumuisha Simiyu, Shinyanga, Mwanza, Geita, Mara na Tabora, hutoa zaidi ya asilimia 90 ya pamba yote ya Tanzania. Bariadi, Maswa na Meatu, zinazotajwa sana kwa zao hili, zilikuwa wilaya za Shinyanga mpaka mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, mwaka uleule ulipozaliwa mkoa wa Geita. Mbegu zinafanyiwa utafiti Ukiriguru, wilayani Misungwi, tangu miaka ya 1930. Wakulima wanaliita zao hili dhahabu nyeupe. Lakini baada ya kuchambuliwa ginneri, sehemu kubwa ya pamba hufungwa marobota na kusafirishwa nje ya nchi, na kitenge kinachovaliwa kwenye harusi Kahama mara nyingi kimechapwa mbali sana na shamba la pamba.

Haikuwa hivyo siku zote. Wanyamwezi, ambao nchi yao inafika Kahama, walikuwa wakifuma pamba yao wenyewe katika karne ya 19, na wasafiri waliopita na misafara waliandika habari za vitanda vyao vya kufumia. Misafara hiyohiyo ndiyo iliyoleta ushindani: merikani, kitambaa cheupe kisichopaushwa kutoka Salem, Massachusetts, na kaniki, pamba iliyotiwa rangi ya bluu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Baadaye vikaja viwanda vya nchini. Kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilianza mwaka 1968 kwa msaada wa China. Kanda ya Ziwa ikapata Mwatex ya Mwanza na Mutex ya Musoma, ambavyo vilikuja kuyumba na kusimama.

Kaniki inatuingiza kwenye kemia yenyewe, kwa sababu bluu yake ya asili ni nili, na nili ina tabia ya ajabu: haiyeyuki majini. Ukiikoroga kwenye ndoo itabaki unga unaoelea, na kitambaa kitapakwa vumbi tu. Ili iingie ndani ya uzi lazima kwanza inyang'anywe oksijeni katika maji yenye magadi makali. Hapo inayeyuka na kupoteza ubluu wake, ikawa ya kijani-manjano. Kitambaa kinazamishwa kikiwa cheupe na kutolewa kikiwa na rangi ambayo hakuna aliyeiagiza. Kisha hewa inakigusa. Mbele ya macho kijani kinakolea, kinaingia bluu kuanzia kwenye pindo na mikunjo iliyo wazi, na baada ya dakika chache bluu imetanda kote. Nili imerudishiwa oksijeni yake, imekuwa tena kitu kisichoyeyuka, ila safari hii imo ndani ya uzi, kama samaki aliyeingia kwenye mgono.

Batiki nyingi zinazotengenezwa na vikundi vya akina mama nchini hufuata kanuni hiyohiyo, ingawa rangi zenyewe ni za kiwandani na zina manjano, zambarau, kijani na nyekundu. Unga unaonyang'anya oksijeni ni sodiamu haidrosalfaiti, na ukali wa maji hutokana na kostiki soda. Vyote viwili vinataka heshima. Kostiki huunguza ngozi na macho, na huongezwa kwenye maji kidogo kidogo. Maji hayamwagwi juu yake. Haidrosalfaiti ikipata unyevu hupata joto yenyewe, na inaweza kushika moto na kutoa moshi unaokaba koo. Mkebe wenye mfuniko unaokaza, glovu, na kazi kufanyika nje penye upepo: hayo si mapambo ya mafunzo.

Michoro ya batiki hutokana na kuizuia rangi isifike mahali. Mafundi hukata sponji ya godoro kwa umbo la ua, samaki au kibuyu, huibandika kwenye kibao chenye mpini, na hapo wana mhuri. Mhuri huchovywa kwenye nta ya mishumaa iliyoyeyushwa jikoni na kugandamizwa kwenye kitambaa. Fundi mwenye jicho hujua joto la nta kwa alama inayoachwa. Ikiwa ya moto vya kutosha, doa hulowana na kupenya mpaka upande wa pili. Ikiwa imepoa, hukaa juu ikiwa nyeupe, na rangi itapita chini yake. Kwa kuwa parafini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 50 au 60 hivi, rangi ya batiki lazima ifanye kazi kwenye maji ya uvuguvugu, la sivyo mchoro wote utaelea kwenye ndoo. Mwishoni kitambaa huchemshwa, nta hupanda juu, na ikipoa huganda na kuchotwa kwa matumizi mengine.

Ipo njia nyingine ya kuishika pamba, na hii ina umri wa miaka 70 tu. Mwaka 1954 wanakemia wawili wa kampuni ya ICI ya Uingereza, Rattee na Stephen, waligundua rangi ambayo haijifichi ndani ya uzi bali inafungamana nao, molekuli kwa molekuli. Iliingia sokoni mwaka 1956 kwa jina la Procion. Kinachoiwasha ni magadi soda ya kawaida. Hakuna haidrosalfaiti, hakuna kuchemsha. Kitambaa hufungwa kwenye mfuko wa plastiki kikiwa na unyevu na kuachwa usiku kucha, na joto la Shinyanga linasaidia. Ubaya wake ni kwamba maji nayo yana vishikizo vinavyoivutia rangi hiyo. Sehemu ya rangi hufungamana na maji badala ya pamba, na isipooshwa vizuri, ndiyo inayochuja kwenye beseni la mteja.

Uchapaji kwa skrini ulipewa hataza Manchester mwaka 1907, na Samuel Simon, lakini fremu yenyewe inaweza kutengenezwa na seremala yeyote wa Geita. Wavu mwembamba wa poliesta hutandazwa na kukazwa kwenye fremu ya mbao, hupakwa dawa inayogandishwa na mwanga, kisha hukaushwa gizani. Juu yake huwekwa mchoro mweusi uliochorwa kwenye karatasi angavu, na fremu hutolewa juani. Palipopigwa na jua dawa huwa ngumu. Palipofunikwa na wino hubaki laini na kuondoka kwa maji. Shinyanga iko chini kidogo ya nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na jua hupita juu ya utosi mwezi wa Machi na tena Oktoba. Jua la namna hiyo huweza kumaliza kazi kwa muda mfupi sana, kwa hiyo kila karakana lazima ijipimie dakika zake kwa vipande vya majaribio. Kila rangi inahitaji fremu yake. Rangi husukumwa kwa kipande cha mpira chenye mpini, mkono ukiwa na nguvu ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho, na uchapaji wa kawaida wa fulana hukamilishwa kwa joto la nyuzi 150 hivi. Pasi ya mkaa hutosha, ikisogezwa bila kusita.

Hadi hapa karibu kila kitu kimenunuliwa dukani. Uhondo wa majaribio unaanzia kwenye vitu vilivyopo.

Dhahabu ya Geita inapatikana kwa sehemu kubwa ndani ya miamba yenye matabaka ya chuma, na kila anayeshuka duarani, yaani kwenye shimo la wachimbaji, anajua udongo mwekundu wa huku haumtoki nguoni. Hiyo ni oksaidi ya chuma iliyojibana kati ya nyuzi. Chuma kina kazi nzuri zaidi kikikutana na tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi. Maganda ya mgunga wa aina ya Acacia nilotica yamejaa tanini, na migunga imerudi kwa wingi Shinyanga tangu mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 na kufufua ngitili, yaani malisho ya akiba, za Wasukuma. Chemsha maganda, loweka kitambaa, kikaushe, kisha kichovye kwenye maji ya misumari yenye kutu iliyokaa katika siki. Kijivu huja papo hapo, na kwa kurudiarudia huwa cheusi. Mafundi wa Mali hufanya hivyo kwa tope lenye chuma, na nguo yao ya bogolan inajulikana duniani. Kiasi tu ndicho cha kuchunga, maana chuma kikizidi huila pamba.

Muhogo nao una nafasi yake. Wanawake wa Kiyoruba huko Abeokuta na Ibadan, Nigeria, huchora kwa uji mzito wa unga wa muhogo badala ya nta, na nguo hiyo huitwa adire eleko. Geita ina muhogo tele. Uji huo hauhitaji moto wakati wa kuchora, kwa hiyo hata mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kujaribu bila hatari ya kuungua.

Suala zito ni maji machafu. Shinyanga ni mkoa mkavu, na maji ya Ziwa Victoria yanayofika Shinyanga na Kahama kwa bomba kutoka Ihelele tangu mwaka 2009 yamegharimu fedha nyingi mno kumwagwa yakiwa na kostiki. Mitambo ya dhahabu ya ukanda huu hutumia kaboni iliyoamilishwa kunasa dhahabu kutoka kwenye maji ya sainaidi, kwa sababu gramu moja ya kaboni hiyo ina uso wa mamia ya mita za mraba ndani ya vitundu vyake. Kaboni ya namna hiyo hunasa rangi pia, na watafiti wa nchi nyingi wametengeneza mkaa wa kusafishia maji ya rangi kutokana na pumba za mpunga, ambazo Shinyanga inazo milima. Kaboni iliyokwisha kutumika mgodini isiguswe kamwe kwa kazi hii, ina sumu.

Anayetaka kuanza asisubiri kiwanda kikubwa kirudi. SIDO, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1973, ina ofisi Shinyanga na Geita, na utengenezaji wa batiki ni kati ya mafunzo ambayo imeyatoa kwa muda mrefu. Aende na daftari, aandike gramu, dakika na joto la kila jaribio, abandike na kipande cha kitambaa pembeni. Na mnunuzi naye ana wajibu: kabla ya kulipa, asugue kona ya nguo kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikitoka cheupe, amlipe fundi huyo bei yake bila kumvuta shati.