Ziwa Lilipofungwa, Uji wa Mtoto Tabora Ukabaki Mtupu

Siku moja ya kliniki mwezi Julai mwaka 2024 tulimpima mtoto wa miezi 11, tukaona mstari wa kadi yake umelala. Miezi miwili mfululizo uzito wake haukuongezeka. Hakuwa na homa, hakuwa akiharisha, macho yake yalikuwa maangavu. Mama yake ni kijana mwangalifu ambaye hajakosa tarehe ya kliniki hata mara moja. Tukamwuliza anampa nini.

"Uji, sista."

Uji na nini? Akatazama chini. "Uji tu. Zamani nilikuwa natia unga wa dagaa, lakini sasa dagaa hawashikiki."

Juma lile tulilisikia neno hilo kwa akina mama wengi. Sisi wenyewe, tulipotoka zamu na kupita sokoni, tulikuta meza zilizozoea kuwa na vilima vya dagaa zimebaki na mafungu machache, na muuzaji kayafunika kwa kanga kama mtu afunikaye dhahabu. Tuliuliza bei, tukashukuru, tukaenda zetu kununua mlenda.

Sababu ilikuwa inajulikana. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti mwaka 2024, Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate nafasi ya kuzaana na kukua. Baada ya ibada, akina mama wengine walinung'unika kwamba wakubwa wamewanyima watoto mboga. Wengine walisema ni haki kabisa, wavuvi wamezidi. Sisi tulio kati ya kliniki na kanisa tuliona tusikubali upesi upande wowote kabla ya kulielewa jambo lenyewe. Tuliuliza, tukasoma, tukakaa na wauzaji. Haya ndiyo tuliyoyapata.

NJIA NI ILE ILE

Huenda msomaji wa Dar es Salaam au Iringa akashangaa: Tabora na ziwa vina uhusiano gani? Kutoka hapa hadi Kigoma ni kilomita 400 hivi za reli. Lakini njia hiyo ni ya zamani kuliko reli. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa, ikapumzika Tabora, kisha ikashika njia ya Uvinza, mahali pa chumvi, hadi Ujiji kando ya ziwa. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, babu zetu, na ni nani asiyejua kwamba samaki mkavu na chumvi ni posho nyepesi kwa mtu anayetembea majuma? Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mizigo ikahama kutoka mabegani kwenda kwenye mabehewa, lakini dagaa hakuacha njia yake. Hadi leo gunia likishuka stesheni, harufu yake inatangulia kumwambia mtu kwamba wa Kigoma wamefika.

Kwa hiyo amri inayotolewa ziwani inafika mpaka kwenye sufuria ya Tabora, hata kama mwenye sufuria hajaliona ziwa maishani mwake.

ZIWA LINAUGUA NINI?

Ziwa Tanganyika ni mali ya nchi nne. Kongo ina asilimia 45 ya eneo lake, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Dagaa hajui mpaka. Ukimwacha akue upande wa Kigoma na jirani akamvua ng'ambo, umefanya kazi bure. Ndiyo maana nchi hizo zilitia sahihi mkataba wa pamoja Dar es Salaam mwezi Juni 2003, na baadaye ikaundwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura. Mwishoni mwa mwaka 2021 mawaziri wa nchi hizo walikubaliana hatua za kuokoa samaki, na kupumzisha ziwa ni mojawapo.

Kuna mambo mawili yanayolibana ziwa. La kwanza tunalijua: wavuvi wengi, mitumbwi mingi, nyavu zenye matundu madogo, makokoro yanayokokotwa hadi ufukweni na kuzoa hata vichanga. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na mwanga. Zamani ulikuwa moto wa kuni, ikaja karabai, sasa ni taa za sola na betri. Mwezi ukiwa mkubwa mwanga wa taa haufui dafu, wavuvi hupumzika, na wauzaji wa Tabora wanaojua kazi yao huhesabu siku za mwezi kama mkunga anavyohesabu majuma.

La pili halionekani kwa macho. Mwaka 2003 watafiti walitangaza kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto zaidi kuliko zamani. Maji yenye joto ni mepesi, hukaa juu kama mafuta juu ya mchuzi. Chakula cha vijidudu kimelala chini, katika ziwa lenye kina cha mita 1,470, na upepo sasa hauwezi kuyachanganya maji kama ulivyokuwa ukifanya. Vijidudu vikipungua, dagaa hupungua, na migebuka wanaokula dagaa nao hupungua. Jambo hilo haliponi kwa miezi mitatu ya kufunga ziwa. Lakini mgonjwa mwenye maradhi mawili hatumnyimi dawa ya moja kwa sababu la pili halina dawa ya haraka.

Hapa yatupasa kukiri aibu moja inayotuhusu sisi wauguzi. Chandarua chenye dawa, kile tunachompa mama mjamzito kwa mkono wetu na kumwonyesha jinsi ya kukifunga kitandani, kimeonekana ziwani kikiwa wavu. Kinavua samaki asiyefika hata urefu wa ukucha. Tumesikia watu wakiwatukana akina mama hao. Sisi tunauliza kwanza: nyumbani kwake mlikuwa na nini jikoni siku ile?

JUA NA MAVUNO

Basi tulikubali kwamba ziwa lipumzike. Ndipo mama mmoja muuzaji, mtu mzima anayepanda gari moshi la Kigoma tangu ujana wake, akatufumbua macho juu ya jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria.

"Wamechagua miezi ya jua," alituambia. "Nyie mnajua mvua inavyowafanya dagaa?"

Tulijua kidogo. Kuanikwa kwa dagaa ni kazi ya wanawake. Mvuvi akifika alfajiri na mzigo, mama huununua ungali unameremeta, huuanika mchangani au juu ya chanja za waya, na jioni awe ameukausha. Mvua za Kigoma huanza mwezi wa kumi hivi na kuendelea hadi mwezi wa nne. Katika miezi hiyo mama anaanika huku macho yako mawinguni. Ikinyesha saa nane mchana, mtaji wa juma zima unanuka kabla ya jua kuzama. Kiangazi, yaani Mei mpaka Agosti, ndicho kipindi chake cha kupumua. Na ndicho kilichofungwa. Kalenda ya sheria inamfuata samaki, na pengine ni sahihi kwa samaki. Kalenda ya mwanikaji inafuata jua. Mvuvi anapumzika miezi mitatu kisha anarudi ziwani, naye mama anapewa mzigo mvua zikiwa zinakaribia.

Tuliirudisha hoja hiyo katika kikundi chetu, tukabishana kweli kweli. Dada mmoja mwenye shamba upande wa Sikonge alisema kwamba kwetu Tabora miezi ile ndiyo afadhali. Mahindi yamevunwa, karanga na kunde zipo, wenye tumbaku wanaanza kuona fedha. Ziwa likifungwa Januari, wakati ghala ni tupu na watu wanaishi kwa michembe, tungelia zaidi. Hatukuwa na la kumjibu. Mtu mmoja anaumizwa na tarehe ile ile inayomsaidia mwingine, na wote wawili ni wanawake, na wote wawili wanatafuta mboga.

Wapo waliouliza kwa nini tusile samaki wa mito yetu wenyewe. Swali zuri, lakini huko nako kuna sheria. Ugalla ilipokuwa pori la akiba, wananchi waliruhusiwa kwa vibali kuingia kwa msimu kuvua na kurina asali. Mwaka 2019 ikawa hifadhi ya taifa, na katika hifadhi ya taifa hakuna kuvua wala kurina. Hatusemi hifadhi ni mbaya. Tunasema tu kwamba mlango huo nao ulifungwa, na kambale wa Ugalla hawezi kuziba pengo la dagaa wa Kigoma.

NANI ALIULIZWA?

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inatambua vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi kwenye mialo, ambavyo watu huviita BMU. Humo ndimo mambo ya nyavu na doria yanamozungumzwa. Mwenye mtumbwi anajulikana, ana leseni na namba. Mwanikaji naye analipa ushuru, na mchuuzi anakata kibali cha kusafirisha, lakini linapoandaliwa jambo kubwa kama kufunga ziwa, ni rahisi sana mwanamke huyo kuhesabiwa kuwa "mke wa mvuvi" tu. Wengi wao hawana hata mume mvuvi.

Mwaka 2014 mataifa yalipitisha kupitia FAO mwongozo wa hiari wa uvuvi mdogo, na ndani yake zimo sura zinazozungumzia kazi za baada ya kuvua na haki sawa za wanawake. Mwaka 2019 wanawake wa Tanzania wanaovua, wanaokausha na wanaouza samaki walianzisha chama chao cha kitaifa, TAWFA, ili sauti yao ifike panapotungwa kanuni. Tunawapongeza. Kule Andavadoaka nchini Madagaska, walipojaribu mwaka 2004 kufunga sehemu ya mwamba ili pweza wakue, wanakijiji wenyewe walishiriki kupanga kufunga na kufungua, na jambo hilo likaigwa vijiji vingine vingi. Pweza hukua haraka na mwamba ni mdogo, ziwa la nchi nne si hivyo. Hata hivyo, kumwuliza anayeanika kabla ya kuandika tarehe hakuhitaji mwamba mdogo.

Na sisi wa bara? Hakuna kikundi cha mwalo Tabora. Lakini maafisa uvuvi wapo, madiwani wapo, na wauzaji wetu wa dagaa wanaweza kuwa na umoja wenye katibu na daftari. Tuliwasaidia kuandika barua moja. Waliomba tarehe za kufunga zitangazwe mapema hata katika mikoa inayonunua, na wanikaji wafikiriwe mikopo ya chanja na mabanda ya kukaushia, ili mzigo wa mwezi wa kumi usiozee mvuani. Barua ilipokelewa na kugongwa mhuri. Majibu tunayangoja.

Wakati tukingoja, mwezi Aprili uliofuata akina mama wa kikundi chetu walichanga, wakanunua magunia mawili wakati bei ikiwa chini. Tuliwachambua, tukatoa vichwa na vijiwe, tukaosha upesi kwa maji ya moto, tukaanika tena hadi wakavunjika mkononi. Kisha tukakaanga kidogo bila mafuta, tukatwanga na kuchekecha. Waliokuwa na ukungu tulitupa bila huruma. Unga huo hukaa vizuri katika chombo kikavu chenye kifuniko. Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kutiwa kijiko kidogo katika uji unaokaribia kuiva, usiongeze chumvi, uache uchemke dakika chache. Siku usipokuwa nao, karanga zilizosagwa laini au kunde zilizopondwa zitafaa.

Yule mtoto wa kadi iliyolala tulimwona tena Septemba. Mama yake alikuwa ameanza kumpa uji wa karanga, na dagaa walipoanza kushuka tena stesheni akanunua kopo moja. Mstari ulikuwa umepanda. Alituonyesha mwenyewe kwa kidole kabla hatujaifungua kadi vizuri.