Kifurushi Hukwama Karibu na Mlango: Akili Bandia na Kilomita za Mwisho

Kontena la bidhaa likishushwa bandarini Mombasa, safari yake hadi Kampala, ambayo ni zaidi ya kilomita 1,000, haina mafumbo mengi. Barabara inajulikana, mpaka wa Malaba unajulikana, na hata mahali madereva wanapokunywa chai panajulikana. Taabu huanza kontena likiisha kufunguliwa, na vitu vilivyomo kugawanywa kuwa vifurushi mia kadhaa, kila kimoja na mwenyewe. Hapo kilomita 3 za mwisho huweza kula muda na fedha kupita kiasi, na pengine kifurushi chenyewe hurudi ghalani kwa sababu mwenyewe hakuonekana.

Sisi tuvaao sare hatuna haja ya kuelezwa sana habari hii. Afisa wa ugavi akitoa unga, maharagwe, dawa na betri za redio kutoka bohari kuu, vitabu vyake husema kwamba vitu vimekwisha toka. Lakini askari aliyeko katika kituo cha mlimani hali vitabu. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, majeshi ya muungano yalitua Normandy mwezi wa Juni 1944, na kabla ya miezi 3 kupita yalikuwa yakienda mbele upesi kuliko petroli yao. Shehena zilirundikana pwani, ilhali vifaru vilisimama kwa kukosa mafuta. Ndipo kuanzia tarehe 25 Agosti hadi tarehe 16 Novemba 1944 yakatumika malori ya Red Ball Express, ambayo wengi wa madereva wake walikuwa Wamarekani weusi. Yalipita mchana na usiku katika barabara walizokatazwa raia, moja ya kwenda na nyingine ya kurudi, na polisi wa jeshi wakisimama kwenye njia panda kuwaongoza. Hakuna kompyuta iliyopanga safari zile. Zilipangwa kwa ramani, kalamu na sauti ya sajini.

Leo kazi ya namna hiyo, katika nchi nyingi, imekabidhiwa akili bandia, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kutokana na kumbukumbu za mambo yaliyokwisha kutendeka. Yafaa tuione kazi yenyewe ni ngumu kiasi gani. Mpe mwendesha pikipiki vifurushi 10 vya watu 10, kisha mwulize aanze na nani na amalize na nani. Ratiba anazoweza kuchagua ni 3,628,800. Mwongezee vifurushi 5 tu, nazo zinazidi trilioni 1. Hata kompyuta haithubutu kuzijaribu zote moja moja. Hutafuta njia za mkato.

Wanajeshi wasomaji watapenda kujua kwamba elimu hii ilinyonya maziwa ya jeshi. George Dantzig, bingwa wa hesabu, alifanya kazi katika makao makuu ya jeshi la anga la Marekani wakati wa vita ile ile. Mwaka 1954, pamoja na Ray Fulkerson na Selmer Johnson, alionyesha jinsi ya kuupata mzunguko mfupi kuliko yote wa kupitia miji 49. Mwaka 1959 yeye na John Ramser wakaandika juu ya malori yanayogawa petroli kutoka ghala moja hadi vituo vingi, na makala yao ndiyo mzazi wa mifumo mingi inayopanga safari za vifurushi leo. Kampuni ya UPS ya Marekani ilianza mwaka 2013 kueneza mfumo wake uitwao ORION, na kufikia mwaka 2016 ulikuwa ukitumika katika njia zipatazo 55,000 nchini humo. Madereva wa kampuni hiyo huepushwa kukata kona ya kushoto, maana kule magari hupita upande wa kulia, na anayekata kushoto hana budi kuwangojea wanaomjia. Kwetu sisi, tupitao kushoto, kona ya kuepukwa ni ya kulia. Askari wa usalama barabarani aliyesimama Wandegeya saa kumi na moja jioni hahitaji kompyuta imweleze hayo.

Lakini njia iliyo fupi katika ramani si lazima iwe njia njema. Dereva wa siku nyingi anajua ni geti lipi lina mlinzi mkali, ni mtaa upi hujaa maji mvua ikinyesha, na ni nani hayupo nyumbani kabla ya adhuhuri. Mwaka 2021 kampuni ya Amazon na chuo cha MIT walitangaza shindano: waliwapa wataalamu kumbukumbu za maelfu ya safari za madereva katika miji 5 ya Marekani, ambayo ni Austin, Boston, Chicago, Los Angeles na Seattle, wakawataka watunge programu itakayopanga safari kama dereva mzoefu angalivyozipanga. Alama zilitolewa kwa kumkaribia dereva. Ufupi wa njia peke yake haukutosha. Washindi, William Cook, Stephan Held na Keld Helsgaun, walipata dola 100,000. Walichukua hesabu ya zamani ya njia fupi, wakaiongezea masharti waliyoyachuma katika tabia za madereva wenyewe, kama vile kumaliza eneo moja kabla ya kuingia jingine. Kwa maoni yetu jambo hili lina uzito kuliko mengi yanayosifiwa kuhusu mashine hizi. Mashine ilipelekwa shule, na mwalimu wake akawa dereva wa gari la mizigo.

Tukirudi kwetu, twakutana na tatizo ambalo Chicago halipo: nyumba isiyo na namba. Anwani ya mtu ni nyuma ya mwembe, mkabala na kanisa, mwulize mwenyekiti wa kijiji. Sanduku la posta, ambalo wazee wetu walilitegemea miaka mingi, halikuondoa shida hii. Lilimtwika mpokeaji kilomita za mwisho azitembee mwenyewe. Hapa akili bandia imefanya kazi ya maana. Mwaka 2021 wataalamu wa Google, wakiwamo wa kituo cha utafiti cha Accra, Ghana, walitoa ramani ya majengo milioni 516 ya Afrika, yaliyotambuliwa na kompyuta katika picha za setilaiti. Eneo lililopitiwa lilikuwa asilimia 64 ya bara zima, na kila jengo lilipewa alama fupi ya herufi na tarakimu ionyeshayo mahali lilipo. Kompyuta huweza kuliona bati. Haiwezi kujua nani analala chini yake. Kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji bado ana kazi yake.

Jirani zetu wa Rwanda waliamua kuiruka barabara. Tangu Oktoba 2016 ndege ndogo za kampuni ya Zipline, zisizo na rubani, zimekuwa zikitoka Muhanga kupeleka damu hospitalini, na baadaye kituo cha pili kikafunguliwa Kayonza. Ndege hurushwa kwa mtambo mfano wa manati, hujiongoza yenyewe, na ifikapo hudondosha kifurushi kwa mwavuli wa karatasi bila kutua. Mzigo wake haufiki kilo 2, lakini kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua kilo 2 ni nyingi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Global Health, uliohesabu maagizo 12,733 ya damu, ulionyesha kwamba kwa wastani ndege hizo zilifika katika dakika 50 hivi, zikiitangulia barabara kwa dakika 79 au zaidi. Damu iliyotupwa kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67, kwa sababu hospitali haikulazimika tena kurundika akiba kwa hofu ya kuchelewa. Kila mtunza bohari ataelewa hesabu hiyo.

Polisi nao wana sehemu yao katika habari hizi, nayo haifurahishi. Huko China wapeleka vyakula hupangiwa na kompyuta dakika za kufika, na kadiri wanavyokimbia ndivyo mashine inavyojifunza kwamba dakika chache zaidi zatosha, ikazipunguza tena. Polisi wa usalama barabarani wa Shanghai walihesabu kwamba katika nusu ya kwanza ya mwaka 2017 mpeleka chakula mmoja aliumia au kufa kila baada ya siku 2 na nusu. Septemba 2020 gazeti moja la huko lilipoyaeleza mambo hayo kwa kirefu, watu walighadhibika, na kampuni za Meituan na Ele.me zikalazimika kuongeza dakika. Mashine haikukosea hesabu. Iliagizwa kutafuta upesi, ikautafuta. Boda boda, ambayo ilizaliwa kwa baiskeli mpakani Busia, haifai ifuate mkondo huo huku vijana wetu wakilipa kwa miguu yao. Askari atakayemsimamisha kijana aliyepita taa nyekundu amtazame pia aliyempangia dakika zile.

Na liko jambo linalotuhusu sisi wa kambini peke yetu. Mfumo unaojifunza njia hujifunza pia milango. Novemba 2017 kampuni ya Strava, ambayo huhifadhi mbio za wanamichezo, ilichapisha ramani ya dunia ya mahali watu wanapokimbia. Januari 2018 ikagunduliwa kwamba katika nchi kama Afghanistan na Syria ramani hiyo ilikuwa iking'aa mahali palipo na kambi za kijeshi, hata njia za ndani zikionekana. Agosti mwaka huo wizara ya ulinzi ya Marekani ikawakataza askari wake walio katika maeneo ya operesheni kutumia vifaa vinavyoonyesha mahali walipo. Vifurushi 20 vinavyoletwa kila wiki kwenye geti moja, vikiwa na majina, namba za simu na saa za kupokelewa, vinaweza kusema mengi kuliko mbio za asubuhi. Askari anayeagiza viatu kwa simu na aandike duka au kituo cha mafuta kilicho mbali na kambi, azime alama ya mahali katika simu yake, na aende mwenyewe akakichukue siku ya mapumziko.