Maneno ya Dini ya Kiislamu katika Madarasa ya Iringa na Mbeya

Walimu wa shule za sekondari katika nchi ya Iringa na Mbeya hufundisha watoto wa dini mbili wakaao benchi moja. Watoto hao hutumia maneno yale yale: sala, zaka, mtume, injili, roho. Wote huyatamka sawasawa, lakini kila mmoja huyaelewa kama alivyolelewa. Basi mwalimu atakaye kueleza misingi ya Uislamu hapana budi aanze na maana ya maneno, tena ayaeleze kama Waislamu wenyewe wayaelezavyo. Asipofanya hivyo, atawapa Wakristo habari zisizo kweli juu ya jirani zao, na mtoto wa Kiislamu ataona dini ya wazazi wake imegeuzwa mbele ya wenziwe.

Yafaa kwanza tujue maneno hayo yalifikaje huku. Kiswahili kilipanda milima pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, waliofika hata Usangu katika karne ya 19. Mwaka 1896 Wajerumani walijenga boma Iringa, na wengi katika askari na wachuuzi waliokaa kando yake walikuwa Waislamu. Mji wa Mbeya ulikua baadaye, katika miaka ya 1920 na 1930, zilipopata nguvu kazi za dhahabu ya Lupa. Misheni nazo zilikuwa zimekwisha kuingia. Wamoravian walianza Rungwe mwaka 1891. Baadhi ya wamisionari walikihofu Kiswahili, wakidhani kitaleta Uislamu. Hata hivyo, walipokitumia waliyakuta maneno ya dini yamo tayari, wakayatia maana ya Kikristo. Ndivyo neno moja lilivyopata mabwana wawili.

Sasa tutazame imani. Nguzo za imani ya Kiislamu ni sita: kumwamini Mungu mmoja asiye na mshirika, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, Siku ya Mwisho, na kadari, yaani kwamba heri na shari zote zimo katika kudura yake. Hapa maneno matatu yataka uangalifu. Mtume kwa Mkristo ni mmoja wa wale waliotumwa na Yesu. Kwa Mwislamu ni mtu aliyepewa na Mungu ujumbe awafikishie watu, kama Nuhu, Ibrahimu, Musa, Isa, na wa mwisho wao Muhammad, aliyezaliwa Makka yapata mwaka 570 na kufa Madina mwaka 632. Injili kwa Mkristo ni habari njema, tena ni jina la vitabu vinne vya kwanza vya Agano Jipya; kwa Mwislamu ni kitabu alichoteremshiwa Isa. Na Roho Mtakatifu atajwaye katika Kurani, wafasiri wengi wa Kiislamu husema ndiye malaika Jibrili.

Nguzo za Uislamu, yaani matendo, ni tano. Ya kwanza ni shahada, maana yake ushuhuda: kukiri kuwa hapana apasaye kuabudiwa ila Mungu, na kuwa Muhammad ni Mtume wake. Wanafunzi wetu walijua neno hili kwa cheti cha masomo tu. Waambiwe kuwa asili yake ni ushahidi.

Ya pili ni sala. Kanisani kila maombi huweza kuitwa sala. Mwislamu huyaita maombi hayo dua. Sala kwake ni ibada yenye mpango wake, ya kusimama, kurukuu na kusujudu, baada ya kutawadha. Sala za faradhi ni tano kila siku: alfajiri rakaa 2, adhuhuri 4, alasiri 4, magharibi 3, na isha 4, jumla rakaa 17. Msalaji huelekea kibla, yaani upande wa Makka, na kwetu huku ni kaskazini, kuelekea mashariki kidogo. Ijumaa adhuhuri watu hukusanyika msikitini. Hata majina ya siku yametoka huko: Jumamosi ni siku ya kwanza baada ya Ijumaa, na Jumapili ni ya pili.

Ya tatu ni zaka. Kanisani zaka ni fungu la kumi. Katika Uislamu, fedha iliyofika kiwango na kukaa mwaka mzima hutolewa sehemu moja ya arobaini: katika shilingi milioni 40 hutoka milioni 1. Nafaka ina hesabu nyingine. Mkulima wa Ismani avunaye magunia 40 ya mahindi yaliyonyweshwa na mvua tu hutoa 4. Kama aliyanywesha kwa mashine na gharama, hutoa 2. Sadaka ni kitu kingine, ni hiari ya mtu.

Ya nne ni saumu ya Ramadhani: kutokula wala kunywa, hata maji, tangu alfajiri hata jua kuchwa. Mgonjwa, msafiri na mwanamke aliye katika siku zake huruhusiwa kula. Msafiri na mwanamke huyo hulipa siku hizo baadaye, na mgonjwa naye apatapo nafuu. Kwa kuwa mwaka wa mwezi hupungukiwa siku 11 hivi, Ramadhani husogea: mwaka 2015 iliangukia Juni na Julai, wakati wa baridi kali ya kwetu; mwaka 2026 ilianza Februari, katika mvua. Basi mwalimu apangaye mashindano ya mbio atazame kwanza kalenda. Watu wa pwani huhesabu miezi kwa mfungo huu: mwezi ufuatao Ramadhani ni Mfunguo Mosi.

Ya tano ni hija ya Makka, mara moja katika maisha kwa mwenye uwezo. Hufanywa katika Mfunguo Tatu.

Mwisho, juu ya vitabu. Kasisi Godfrey Dale wa misheni ya UMCA alitoa Kurani kwa Kiswahili mwaka 1923. Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Unguja alitoa tafsiri yake kamili mwaka 1969. Mwalimu asitosheke na kitabu cha mmisionari. Asome cha sheikh pia. Tena penye shaka, amwulize mwalimu wa madrasa aliye karibu naye. Sisi nasi hatupendi imani yetu ielezwe darasani na mtu asiyetuuliza. Basi na tuwatendee jirani zetu vivyo hivyo.