Kupoza kwa sumaku: kazi ya gadolini karibu na sifuri kabisa

Wandugu, frigo ya nyumbani wote tunaijua: gazi inabanwa, inaachiwa, joto inatokea nyuma. Lakini ukitaka kushuka mpaka karibu na sifuri kabisa, ni kusema -273.15 °C, ile njia inakufa. Kule hakuna gazi inabaki gazi. Heliamu, ambayo ni ya mwisho kugeuka kimiminiko, inachemka kwa 4.2 K. Ukivuta mvuke wake na pompe unafika karibu 1 K, kisha inakwama, juu mvuke umebaki kidogo sana. Sisi wa agronomia tunaelewa haraka: jani linajipoza kwa kutoa mvuke, likikosa cha kutoa, kupoa kunasimama.

Kati ya 1926 na 1927, Peter Debye na William Giauque, kila mtu upande wake, walitoa wazo lingine: tuache gazi, tutumie chumvi yenye sumaku ndani.

Na hapa njo gadolini inaingia. Ioni yake iko na elektroni 7 ambazo hazina mwenzake, na zote zinaelekea upande moja. Kwa hiyo kila ioni ni kasumaku kadogo kenye kuweza kukaa kwa namna 8. Pasipo sumaku ya inje, kila moja inaangalia kwake, fujo tupu. Ile fujo wanafizikia wanaiita entropia, na kwa gadolini inafika mpaka joule 17.3 kwa mole na kwa kelvini. Ni nyingi sana kwa ioni moja.

Fikiria eponji. Unaleta sumaku kubwa: ioni zote zinajipanga, ni kama umekamua eponji, na joto inatoka. Ile joto unaiacha iende kwa heliamu ya karibu 1 K. Kisha unakata njia kati ya chumvi na heliamu (bila hii hatua hakuna kitu, na ni yenyewe wanafunzi wanasahau). Sasa unapunguza sumaku polepole. Ioni zinataka kurudia fujo yao, lakini joto ya inje haiingii tena. Basi zinakunywa joto ya kristali yenyewe, na kristali inashuka.

Ndani ya 1933, kule Berkeley, Giauque na MacDougall walifanya hivyo na sulfati ya gadolini, wakafika 0.25 K. Giauque alipata Nobel ya kemia 1949.

Mtu atauliza: juu ya nini tusitumie gadolini ya chuma, safi kabisa? Hapana. Kile chuma kinajipanga chenyewe kuanzia karibu 20 °C kwenda chini. Kwa frigo ya joto ya nyumba ni kizuri, Brown wa NASA alionyesha hiyo 1976, lakini kule chini eponji yake imekwisha kukamuliwa zamani. Kwa baridi kali lazima ioni zikae mbali mbali, zisisumbuane. Na ni hapo kuko shida ya kweli: ukizitenganisha sana, unashuka zaidi lakini nguvu ya kupoza inapungua kwa kila sentimita ya ujazo, ukizibana, unapata nguvu lakini unakwama mapema. Garneti ya gadolini na galiamu iko na nguvu, lakini kazi yake nzuri iko karibu na 1 K. Kila mwaka wakemia wanatafuta kristali mupya kati ya hizo mbili.

Na si mchezo wa wasomi. Njia ingine ya kufika chini, yenye inatumiwa sana kwa kompyuta za kwanta, inaomba heliamu-3. Hiyo inapatikana zaidi kwa kuoza kwa tritiamu, yenye mataifa makubwa yanatengeneza kwa ajili ya silaha za nyuklia. Labo isiyo na marafiki kule inangojea. Chumvi ya gadolini haiombi heliamu-3 ata tone.

Satelaiti XRISM, iliyorushwa kutoka Japani mwezi wa 9, 2023, iko na chombo chenye kufanya kazi kwa 0.05 K. Ndani yake kuko ngazi za chumvi mbalimbali, na moja ya hizo chumvi ni floridi ya gadolini na litiamu. Heliamu yake siku moja itaisha, hakuna mtu wa kwenda kuongeza. Walipanga tangu mwanzo kwamba siku hiyo mashine na chumvi zitaendelea zenyewe.