"Jikaze" Si Dawa

"Jikaze kidogo, mama." Wanawake wengi wa Kahama na Geita wameambiwa hivyo wakiwa wamelala kitandani, siku ya kuwekewa kitanzi au kusafishwa baada ya mimba kuharibika. Anayeshinda kwenye makarasha akiponda mawe ya dhahabu amezoea kujikaza. Halii, na mhudumu anadhani hakuumia.

Maumivu haya yana njia mbili. Mlango wa kizazi hupeleka habari kwa neva zinazoingia chini kabisa ya uti wa mgongo; sehemu ya juu ya kizazi ina neva nyingine, zinazoingia juu zaidi. Sindano ya ganzi, yaani lignokaini inayochomwa pembeni mwa mlango wa kizazi, huziba njia ya kwanza. Ya pili haiguswi sana. Huko ndiko tumbo linakokaza kama uchungu wa kuzaa, kwa sababu ya prostaglandini, kemikali zinazofanya misuli ya kizazi ijibane. Ibuprofeni hupunguza utengenezwaji wake. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2022, linataka anayesafishwa kwa bomba la kufyonza apewe vyote viwili. Panado tuliyoizoea haifui dafu hapo.

Saa nayo ina kazi yake. Ibuprofeni imezwe dakika 30 hadi 60 kabla. Ukipewa umeshapanda kitandani, imechelewa. Ganzi pia husubiriwa kama dakika 3. Mhudumu anayechoma na kuanza papo hapo hajaipa dawa muda wa kufanya kazi (foleni ndefu nje haimpi ruhusa hiyo).

Kitanzi kina mambo yake: wakati wa kukiweka ibuprofeni haisaidii sana, ganzi huweza kusaidia, na kidonge kinafaa zaidi kwa maumivu ya tumbo ya baadaye. Kupakwa siki kwenye mlango wa kizazi ili kuchunguza dalili za awali za saratani huwasha kidogo tu, hakuhitaji sindano. Zikionekana dalili hizo, kuunguza seli kwa joto huchukua sekunde 20 hadi 30, na tumbo hukaza. Lakini kukata kipande cha mlango wa kizazi kwa waya wa umeme bila ganzi hakukubaliki.

Usimeze ibuprofeni kimyakimya. Mwambie mhudumu kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayoamshwa na aspirini. Muulize: "Dawa ya maumivu nitapewa saa ngapi?" Na ukizidiwa katikati, mwambie asimame kwanza.