MAANDALIZI YA KAZI KWA WANAFUNZI WA VYUO VIKUU

Wanafunzi wa vyuo vikuu wa Unguja na Pemba wanakumbushwa kuwa safari ya kutafuta kazi haianzi siku ya mahafali, bali huanza mwaka wa kwanza wa masomo. Hutokea kijana mwenye shahada nzuri, aliyesomeshwa kwa taabu na wazee wake kwa fedha za karafuu au mwani, akakosa hata kuitwa kwenye usaili. Si kwa upungufu wa elimu, bali kwa karatasi moja iliyokosekana katika maombi yake.

Utumishi wa umma Zanzibar unaongozwa na Sheria Namba 2 ya mwaka 2011, na nafasi za kazi Serikalini hutangazwa na Tume ya Utumishi Serikalini. Kila tangazo lina masharti yake, na ni wajibu wa muombaji kulisoma lote. Kwa kawaida hutakiwa:

(a) barua ya maombi inayotaja nafasi na taasisi inayoombwa;
(b) maelezo binafsi ya muombaji;
(c) vivuli vya vyeti vya masomo na cheti cha kuzaliwa;
(d) kivuli cha Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi;
(e) picha ya paspoti.

Makosa yanayofaa kuepukwa ni haya. La kwanza, kuambatanisha taarifa ya matokeo ya muda badala ya cheti. La pili, majina kutofautiana, kwa mfano Khamis katika cheti cha kuzaliwa na Hamisi katika cheti cha skuli. Tofauti hiyo huonekana ndogo, lakini huzusha shaka kama mwenye vyeti ni mtu mmoja. Anayeigundua akiwa bado chuoni ana wasaa wa kuirekebisha. Anayeigundua siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho hana. La tatu, kwa waliosoma nje ya Tanzania, ni kuchelewa kuomba uhakiki wa vyeti vyao kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Aidha, mafunzo ya vitendo yasichukuliwe kuwa ni likizo. Msimamizi wa ofisi au hoteli alikopelekwa mwanafunzi ndiye atakayeulizwa kesho juu ya uaminifu na mahudhurio yake. Serikali peke yake haiwezi kuwaajiri wahitimu wote. Utalii, uvuvi, biashara na kujiajiri navyo ni milango ya riziki ya halali.

Anayeitwa kwenye usaili afike mapema, akiwa na vyeti vyake halisi, na awe ameisoma kazi za taasisi husika. Akiulizwa asilolijua, aseme kwa adabu kuwa halijui. Kubuni jibu humvunjia heshima.

Mwisho, wazazi na vijana wanatanabahishwa kuwa nafasi ya kazi Serikalini haiuzwi. Atakayedai fedha ili "kulipitisha jina" anatenda kosa, na mwenye kutoa naye pia ni mkosa. Taarifa zipelekwe kwa Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu Uchumi Zanzibar.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Vijana waanze kutayarisha vyeti vyao sasa, wala wasingoje tangazo litoke.