Kipimo, Kizio na Dimensheni: Tatizo la Istilahi katika Amplitudi za Mahali za Fizikia ya Kwanta

Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022 na kuagiza kifundishwe katika shule za msingi na sekondari. Hapa Mbuya, kilima chenye kambi na hospitali ya jeshi, Kiswahili kimezoeleka kitambo kama lugha ya amri. Lugha ya amri, hata hivyo, si lugha ya maabara. Makala haya yanajadili neno moja, kipimo, na kosa la kifizikia ambalo neno hilo hulificha.

Katika kikao cha walimu kilichofanyika Mbuya, mwalimu mmoja alikuwa na maelezo ya Kiswahili yaliyosema kwamba uwezekano wa kuikuta elektroni mahali x ni |ψ(x)|². Alikokotoa elektroni iliyofungiwa katika kisanduku chenye urefu L wa nanomita 0.5, ikiwa katika hali yake ya nishati ya chini kabisa. Katikati ya kisanduku, |ψ|² ni 2/L, akapata 4. Uwezekano hauzidi 1. Alirudia hesabu mara tatu akitafuta kosa, kumbe hesabu ilikuwa sahihi. Lau angetumia mita badala ya nanomita, angepata 4,000,000,000.

Namba inayobadilika kwa kubadili kizio si namba tupu. Tuseme barabara inayoshuka kutoka Mbuya kwenda Nakawa ina bodaboda 20 kwa kila kilomita. Hakuna awezaye kuuliza ziko ngapi katika nukta moja ya barabara. Huulizwa ziko ngapi katika kipande, na jibu hupatikana kwa kuzidisha msongamano kwa urefu wa kipande hicho. Vivyo hivyo, |ψ(x)|² ni msongamano wa uwezekano. Dimensheni yake ni 1 kwa urefu, na uwezekano wenyewe ni |ψ|²dx.

Kutokana na hilo, amplitudi ya mahali, yaani <x|ψ>, hubeba kipeuo cha pili cha dimensheni hiyo: urefu kwa kipeo cha −1/2. Katika nafasi ya pande tatu kipeo huwa −3/2. Chanzo chake ni namna hali za mahali zinavyosawazishwa, yaani <x|x'> = δ(x − x'). Eneo lililo chini ya delta ya Dirac ni 1; kwa hiyo delta yenyewe lazima iwe na dimensheni ya 1 kwa urefu, na kila hali |x> huchukua nusu ya mzigo huo. Hali mbili za spini ya elektroni husawazishwa kwa 1, si kwa delta, na amplitudi zake hazina dimensheni. Neno amplitudi ni lilelile. Dimensheni ni tofauti. Kwa kanuni hiyohiyo, <x|p> hupaswa kuwa na dimensheni ya urefu mara momenta, yote kwa kipeo cha −1/2. Hiyo ndiyo dimensheni ya 1/√(2πħ), kizidishi kinachotangulia wimbi la momenta, na mwanafunzi aliyekisahau atagundua kosa lake kabla ya kuingiza namba yoyote.

Uhakiki huo haufanyiki iwapo istilahi hazimruhusu kuuliza swali. Kipimo ni rula, ni tendo la kupima, ni matokeo yake, ni mita. Na katika hospitali, vipimo ni damu na mkojo. Katika fizikia ya kwanta ugumu unazidi, kwa kuwa kupima ni dhana ya msingi ya nadharia yenyewe. Napendekeza kizio kwa mita na sekunde, upimaji kwa tendo, na dimensheni kwa sifa isiyobadilika tunapohama kutoka mita hadi futi. Kipimo kibaki neno la kawaida.

Kuhusu msongamano wa uwezekano, istilahi hiyo isifupishwe kamwe katika vitabu vya kiada, ingawa wahariri hupenda kufupisha. Wapo wanaolalamika kwamba msongamano unanuka foleni ya magari ya Jinja Road. Kwangu hiyo ni faida: kila aliyekaa katika foleni hiyo anajua kuwa msongamano huhesabiwa kwa kipande cha barabara.